Nyanya au Baba

Parokia ya Mtakatifu Yoakimu,
Ekerenyo, Nyamira.
13 Januari 2025

Bi. Marion Bonareri,
Gereza la Wanawake, Kisii.

Bi. Marion,

Tumsifu Yesu Kristo.

Halmashauri ya Walei ya parokia yetu hukutana mwanzoni mwa kila mwaka kupanga kazi za mwaka mzima. Ni desturi yetu pia kumwandikia kila mwanaparokia aliye mbali, awe hospitalini, chuoni au kifungoni, ili asidhani amesahauliwa. Nakuandikia kwa wadhifa huo. Nimeelezwa kwamba barua za gerezani husomwa na ofisa kabla hazijakufikia, na kwamba barua ya Kigusii hairuhusiwi. Hilo halinisumbui. Unaujua msimamo wangu kuhusu Kiswahili tangu nilipokufundisha darasa la sita.

Mwaka huu tumeazimia haya. Choo cha wanaume kitakarabatiwa kabla ya Pasaka. Mtoto wako Valentine ataishi na baba yake, Bw. Omwenga, huko Keroka. Spika za kanisa zitabadilishwa, kwa kuwa za sasa hukoroma wakati wa mahubiri. Ijumaa za Kwaresima tutafanya Njia ya Msalaba katika kila jumuiya kwa zamu, na kabla ya Pasaka tutawatembelea wagonjwa na wafungwa, wewe ukiwa miongoni mwao.

Kuhusu azimio la pili, nieleze kidogo. Tangu ulipofungwa kwa kumpiga Bw. Omwenga hadi akapoteza jicho, pande zote mbili za familia zilikuwa zikimvuta mtoto. Mama yako, Bi. Gladys, alimtaka Kenyenya, Bw. Omwenga alimtaka Keroka. Wote waliahidi mbele ya chifu kwamba wangekubali neno la halmashauri. Tulikutana Jumamosi nyumbani kwa shemeji yako, mahali mtoto alipokuwa akilelewa kwa muda. Padre wetu mpya anatoka Pwani na hajui Kigusii, kwa hiyo niliagiza kikao chote kiendeshwe kwa Kiswahili, asiwepo mtu wa kunong'ona pembeni.

Mtoto aliulizwa mbele ya watu wote, naye akamchagua baba yake. Hakusita hata kidogo. Bw. Omwenga ameacha pombe, anahudhuria Misa, na amesema hadharani kwamba amekusamehe jicho lake. Nawe ujifunze kusamehe.

Jasper Machogu,
Mwenyekiti wa Halmashauri.


Gereza la Wanawake.
24 Januari 2025

Mwalimu Machogu,

Barua yako nimesomewa kwanza na mwenzangu wa kitanda cha juu kwa sababu macho yangu yalikataa kuendelea baada ya neno choo. Mtoto yangu umemweka kati ya choo na spika. Labda hivyo ndivyo mikutano huandikwa, sijui, mimi nilikuwa wa kwaya tu.

Sibishani na halmashauri. Naomba unisaidie jambo moja. Niambie alisemaje. Usiniambie alichagua, niambie maneno yenyewe, kama yalivyotoka mdomoni mwake. Valentine ana miaka sita. Kiswahili anachokijua ni cha nyimbo za darasani. Alikuwa amesimama au ameketi? Alikuwa amemshika nani?

Usiku uliotangulia siku ya hukumu nilimwambia naenda kazini mbali na nitarudi. Nimekuwa nikijiuliza kama amechoka kuningoja. Mtoto akichoka kungoja anaweza kumkubali mtu yeyote. Lakini huyo, Mwalimu, hapana. Valentine akisikia kikohozi chake barabarani alikuwa anaingia chini ya kitanda na viatu vyake mkononi, ili miguu yake isionekane wala viatu visionekane. Nani alimfundisha kuficha viatu? Si mimi.

Kwa hiyo niambie alisemaje. Nakuomba ujibu upesi. Hapa hakuna kitu kingine ninachoweza kufanya isipokuwa kungoja karatasi.

Marion Bonareri,
Mama Valentine.


Ekerenyo.
3 Februari 2025

Bi. Marion,

Nimeipokea barua yako. Kabla ya jambo lolote: umeandika "mtoto yangu". Mtoto ni ngeli ya kwanza. Ni "mtoto wangu". Kifungo si sababu ya kuacha sarufi.

Umeniomba maneno yenyewe. Nitakupa, kwa kuwa kumbukumbu zangu za vikao hazijawahi kupingwa na mtu.

Mtoto alisimama katikati ya sebule. Hakuwa amemshika mtu. Mama yako aliketi kulia kwangu, Bw. Omwenga kushoto, karibu na mlango, akiwa na kofia magotini. Nilimwambia Valentine asiogope, na ajibu kwa Kiswahili ili Padre amsikie. Kisha nikamwuliza, polepole na kwa sauti ya kusikika: "Valentine, unataka kukaa na nyanya, au na baba?"

Alimtazama Bi. Persis, katibu wetu. Halafu akasema, "Sitaki nyanya."

Nikamwuliza tena ili pasiwe na shaka. "Hutaki nyanya?"

"Sitaki nyanya. Nataka baba." Akarukaruka. Ndiyo, alirukaruka. Padre akacheka, akasema, "Basi, mtoto amejisemea."

Mama yako alijifunika uso kwa leso. Nilimhurumia, lakini huruma haiwezi kuwa azimio.

Sitakuficha kwamba baadaye, Bw. Omwenga alipomwinua kumpandisha kwenye pikipiki, mtoto alilia sana na kumng'ata mkono. Watoto hulia wanapohamishwa. Mimi mwenyewe nililia nilipopelekwa bweni.

Neno "baba" halina utata wowote katika Kiswahili. Nakusihi usitafute tundu mahali pasipo na tundu.

Jasper Machogu.


Gereza la Wanawake.
12 Februari 2025

Mwalimu,

Wewe unamwita mama yako nani?

Usijibu kwa Kiswahili. Ulipokuwa mdogo hapo Ekerenyo, ulipoanguka ukaumia goti, ulipiga kelele ukimwita nani?

Afande unayesoma barua hii kabla haijatoka, nakuomba usiikate. Acha nikueleze na wewe, maana najua si mtu wa kwetu. Kwetu mtoto akianza kusema, neno lake la kwanza ni baba, na baba ni mwanamke aliyemzaa. Mwanamume anaitwa tata. Nyanya wa Kiswahili, yaani bibi, anaitwa magokoro. Mtoto wangu hajawahi kuniita mama hata siku moja. Ananiita baba. Na nyanya anazozijua yeye ni zile zinazopangwa kwenye meza ya Bi. Persis sokoni.

Sasa soma swali lako tena, Mwalimu. Lisome kama mtu wa miaka sita ambaye baba yake aliondoka akasema atarudi. Watu wazima wamejaa sebuleni, kuna na padre, na wewe mkubwa wao unauliza: unataka nyanya, au unataka baba? Kwa nini asirukeruke? Alidhani mnamleta kwangu.

Ulimwuliza kama ananitaka, akasema ndiyo, ukampa Omwenga.

Nitakuambia jambo ambalo sikulisema mahakamani. Siku ile niliporudi kutoka kuchuma chai nilimkuta Omwenga amemshika Valentine kwa shingo, kichwa chake kimo ndani ya pipa la maji ya mvua. Mtoto alikuwa amemwaga maziwa. Miguu yake ilikuwa imeacha kupiga. Nilichukua mpini wa jembe uliokuwa ukutani. Sikulenga jicho. Sikulenga kitu. Hakimu aliponiuliza sababu nilinyamaza, kwa sababu ningesema, wangemwita mtoto kizimbani asimulie. Nikaona afadhali mimi nikae ndani na yeye abaki nje, mbali na maswali ya watu wazima.

Nilifungwa ili asiulizwe maswali, na wewe ukaenda ukamwuliza.

Mtoe huko. Nakupigia magoti kwenye sakafu hii ya saruji. Mtoe leo.

Marion.


Soko la Ekerenyo.
19 Februari 2025

Marion mwanangu,

Mimi ni Persis, katibu. Barua yako ya tarehe kumi na mbili ilipita mikononi mwangu. Mwalimu alinipa imekunjwa, akasema niiweke kwenye faili la mwaka bila kuisoma. Mimi nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa chini kwenye gunia la vitunguu, wateja wakaniuliza kama nimefiwa.

Utaniuliza kwa nini sikusema neno siku ile, na mimi ni Mgusii kama wewe. Mwanangu, ukiwa kwenye kikao cha Mwalimu unawaza Kiswahili mpaka kichwa kinauma. Ukikosea ngeli anakukatiza mbele ya Padre. Mzee Okemwa alisema "kiti yangu" mwaka jana na mpaka leo wanamwita Kiti Yangu. Kwa hiyo niliposikia baba nilisikia baba ya Kiswahili. Masikio yangu yalikuwa yamevaa tai.

Lakini nilipotoka nje nilimkuta Valentine ameketi kwenye ngazi, amefunga ile leso yako ya maua ya zambarau, na ndani ameweka ndizi tatu za kuiva na kitana. Nikamwuliza kwa lugha yetu, unakwenda wapi na mzigo huo? Akasema, nampelekea baba, nywele zake zitakuwa zimekuwa ndefu. Halafu akaniuliza, "Kwa nini Mwalimu alidhani nataka nyanya zako?"

Nikageuka, na Omwenga alikuwa tayari anawasha pikipiki. Nilikimbia ndani nikamwambia Mwalimu, "Kuna makosa, mtoto hakumaanisha huyu." Mwalimu alikuwa anafunika kalamu yake. Akaniambia, "Bi. Persis, kikao kimefungwa kwa sala. Kama una hoja ilete mwezi wa nne."

Niliporudi nje, leso ilikuwa kwenye matope na ndizi zimekanyagwa. Leso ninayo. Nimeifua.

Huyo mtoto hakulia jinsi Mwalimu alivyokuandikia. Kulia ni kitu kingine. Alikuwa anakuita. Jina lako lilisikika mpaka kwenye kona ya kiwanda cha chai, na Padre amesimama mlangoni akitabasamu, anasema, "Ona anavyomwita baba yake."

Nitambana Mwalimu. Leo usiku usilale na njaa, nakuomba.

Persis.


Gereza la Wanawake.
27 Februari 2025

Mwalimu,

Hujajibu.

Nimeacha kula, si kwa kugoma. Chakula hakipiti. Daktari wa hapa ananiuliza ninaumwa wapi na mimi namwambia Keroka.

Kama unaogopa kwamba nitakutukana, sitakutukana. Kama unaona haya mbele ya halmashauri, sema ni mimi niliyekosea, sema mwanamke wa gerezani ameandika uongo, sema lolote litakalokusaidia kupanda gari hadi Keroka. Nenda tu ukamwone. Mwangalie shingo.

Marion.


Ekerenyo.
8 Machi 2025

Bi. Marion,

Nimekwenda. Yu hai.

Nilikwenda siku ya pili baada ya Jumatano ya Majivu. Nilimpata mwenye nyumba, mama mmoja aitwaye Emily, akiuza mkaa mbele ya ploti yake nyuma ya maegesho ya malori. Nilipotaja jina la Omwenga aliniangalia kutoka kofia hadi viatu.

"Wewe ni wa serikali?"

"Ni wa kanisa."

"Basi umechelewa na huna pingu," akasema. Kisha akaniuliza, "Huyo mtoto ni bubu?"

Nikamwambia si bubu.

"Mimi sijamsikia tangu aletwe. Ukimwuliza jina, anakuangalia. Ukimwuliza kama amekula, anakuangalia. Nilidhani ni bubu nikaanza kumwonyesha kwa mikono."

Chumba kilikuwa na kufuli nje, na ilikuwa mchana. Omwenga hupakia mawe kwenye malori na hurudi jioni. Dirisha lina wavu. Niliita, "Valentine, hujambo?" Nikasema mimi ni Mwalimu Machogu wa kanisani, nikamwuliza kama yu mzima. Nikasikia kitu kikiburutwa. Nadhani alikuwa anaingia chini ya kitanda.

Ndipo nikasema kwa Kigusii. Sijui ni lini mara ya mwisho niliposema na mtoto kwa Kigusii. Nilimwambia nimetumwa na baba. Kisha vidole vyake vikatokea kwenye wavu, vinne. Nilivishika.

Omwenga alinikuta hapo. Hakuwa amelewa, ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa amelewa. Aliweka koleo chini akaniamkia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu." Nilimwambia kumetokea makosa ya lugha na nimekuja kumchukua mtoto. Akacheka.

"Makosa gani? Uliuliza baba, akasema baba. Mimi ndiye baba. Au Kiswahili kimebadilika tangu Januari?"

Nikasema anajua vyema mtoto alimaanisha nini.

"Nilijua palepale," akasema. "Na wewe ulijua, Mwalimu. Padre ndiye hakujua. Wewe ulizaliwa hapo mtoni chini. Usiniambie ulisahau jina la mama yako."

Alifungua kufuli, akaingia, akafunga kwa ndani. Nilirudi Ekerenyo bila mtoto.

Mengine nitakueleza nikiwa mbele yako.

Jasper Machogu.


Gereza la Wanawake.
14 Machi 2025

Ulimwacha.

Ulishika vidole vyake ukamwambia umetumwa na mimi, halafu ukamwacha. Sasa anajua hata ukitumwa na baba unaondoka.

Mengine yapi? Niandikie mengine. Huwezi kumwambia mtu aliyefungwa kwamba kuna mengine.

Marion.


Ekerenyo.
25 Machi 2025

Bi. Marion,

Nianze na lililo muhimu: Valentine yuko Kenyenya, kwa mama yako, tangu juzi. Sasa vuta pumzi, halafu endelea kusoma.

Baada ya barua yako niliitisha kikao kisicho cha kawaida. Katiba yetu inairuhusu halmashauri kufanya hivyo mara moja kwa mwaka, na hatujawahi. Nilisoma barua zako zote mbele yao, pamoja na zile zinazonihukumu. Hata hivyo, wengine walipinga. Mzee Okemwa alisimama akasema, "Tukibadili azimio la Januari, kesho mtu atasimama adai tubadili hata la choo. Halmashauri inayorudi nyuma nani ataiheshimu?" Baadhi waliitikia kwa vichwa. Mwingine akasema mtoto ni wa upande wa baba kwa desturi, iwe neno lilieleweka au halikueleweka.

Padre alikuwa ameshika barua yako mkononi. Akauliza, "Samahani, mimi ni mgeni. Katika lugha yenu, baba ni nani?"

Tulikuwa kumi na watano. Nilitazama meza. Nadhani kila mtu alitazama meza. Bi. Persis ndiye aliyesema, "Baba ni mama, Padre."

"Na siku ile sebuleni, nyote mlilijua hilo?"

Ukimya uliofuata, Marion, sitauandika kwenye kumbukumbu, kwa kuwa sina njia ya kuuandika. Padre hakutukemea. Alisimama akachukua ufunguo wa gari.

Tulikwenda na ofisa wa watoto na askari wawili, na Emily mwenye nyumba akaja mwenyewe na nyundo. Omwenga hakuwepo. Baadaye alikamatwa kwenye mzani wa mawe, na sasa yuko rumande.

Uliomba mengine, yale ambayo Emily alikuwa amenidokezea. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba na kutoa usaha. Daktari anasema ni la kupigwa, na kwamba huenda lisisikie tena. Alikuwa amekonda. Shingo haikuwa na alama. Niliiangalia kama ulivyoniagiza.

Haongei. Hicho ndicho kinachonitesa kuliko sikio. Anakula, analala, anamfuata mama yako hadi kwenye mgomba na kurudi, lakini ukimwuliza swali lolote anafunga mdomo kabisa. Mama yako alimwuliza kama anataka uji au chai, akaanza kutetemeka. Ameelewa kwamba akijibu, kitu kibaya hutokea. Kwa hiyo hatumwulizi tena. Tunaweka vyote viwili mezani.

Nilimpa Padre barua ya kujiuzulu. Aliirudisha. Alisema kazi za mwaka hazijaisha, na iliyo mbele ni kuwatembelea wafungwa, na mimi ndimi nitakayeipanga. Tutakuja Jumamosi tarehe tano mwezi ujao. Wanaruhusiwa kuingia watu wazima wawili kwa kila mfungwa. Mama yako na Bi. Persis wataingia na mtoto. Mimi nitabaki nje.

Utakapomwona, nakuomba usimwulize kitu.

Choo hakijakarabatiwa.

Jasper Machogu.


Gereza la Wanawake.
6 Aprili 2025

Mwalimu,

Persis ameniambia ulisimama nje ya lango muda wote, ukakataa hata kiti walichokuletea. Kwa hiyo hukuona. Nakuandikia ili ujue.

Walikuwa watatu mlangoni. Mama mbele, Persis nyuma, yeye katikati ameshika sketi ya Mama, amefunga leso yangu. Ilikuwa imefuliwa mpaka zambarau imekuwa nyeupe. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa meza kama tunavyoamriwa. Nywele nilizisuka Alhamisi kisha nikazifumua, nikaziacha wazi, nikakumbuka kitana.

Askari wa mlango wa ndani ni mpya, msichana mchangamfu, hana ubaya. Aliinama akamwuliza, "Na wewe mdogo, umekuja kumwona nani?"

Nikasema moyoni, usimwulize, usimwulize. Mama alifungua mdomo amjibie. Na mtoto wangu (nimeandika sawasawa, Mwalimu, angalia) akaniona, akasema, "Baba."

Tangu Januari, neno la kwanza.

Askari akacheka. "Baba! Mrembo, hapa hatufungi wanaume. Umepotea lango."

Niliona uso wa Valentine ukijifunga. Aliachia sketi ya Mama akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, anatafuta mahali pa kuingia, na hapakuwa na kitanda. Nilidhani hivyo ndivyo nitakavyompoteza mara ya pili, kwa neno lile lile.

Kwenye meza ya kona huketi afande mmoja, mtu mzima, wa miwani. Ni yeye anayesoma barua zetu zote. Katika muda wote niliokaa hapa hajawahi kuniambia hata salamu. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mpitishe mtoto. Baba yake ni huyo amesimama hapo."

Walinipa nusu saa. Alikaa magotini kwangu akanichana nywele kwa kitana, upande mmoja tu, akausahau mwingine. Niliongea na sikio lake la kulia. Sikumwuliza kitu, kama ulivyoniagiza. Yeye ndiye aliyeuliza. Aliuliza kama leo atalala hapa. Nikamwambia hapana. Hakulia. Aliuliza kama kesho. Nikamwambia hapana. Kengele ikalia, Persis akamnyooshea mkono, naye akaushika mara moja, kama mtoto aliyezoea kuchukuliwa.

Alipofika mlangoni alirudi mbio, wakamwacha. Akaniambia kwa sauti ya chini, Persis asisikie, "Baba, wakiniuliza tena, niseme nani?"

Kengele ililia mara ya pili nikiwa bado ninatafuta jibu, Mwalimu. Nimelitafuta usiku kucha. Ukimwambia aseme mama, atakuwa anamtaja mtu asiyemjua. Ukimwambia aseme baba, unajua mahali neno hilo lilipompeleka. Nitatoka hapa akiwa msichana mkubwa, na kabla ya siku hiyo watu wengi watasimama mbele yake na kumwuliza.

Wewe ndiye uliyenifundisha Kiswahili. Nenda Kenyenya ukamwambie aseme nini.

Marion Bonareri,
baba yake Valentine.